Picha isitoke ukungu ukiprinti: kutoka kwenye simu mpaka PDF ya kiwanda cha uchapaji, hatua kwa hatua

Jamani naandika hii kwa sababu nimechoka kujibu swali lilelile. Kila wiki, tena Alhamisi na Ijumaa ndo zaidi mana harusi ni Jumamosi, mtu anasimamisha baiskeli pale nje ofisini kwetu Ngamiani hapa Tanga, anaingia jasho linamtoka, anatoa simu. "Kaka, nimekutumia picha WhatsApp, nitolee A3 ya kuweka ukutani, iwe kali." Naifungua nakuta ni picha iliyorushwa grupu la familia, shangazi akaipiga skrinshoti akaweka stetasi, mtu mwingine akaichukua kwenye stetasi ya shangazi, ndo ikanifikia mimi. Hiyo haiwezi kutoka kali hata ningekuwa na mashine ya kuchapia noti. Na mteja anaondoka anajua mimi ndo sijui kazi.

Kwa hiyo hatua zote nimeziweka hapa, nikiulizwa tena naituma hii. Inakufaa kama unatengeneza kadi za harusi, kipeperushi, kalenda ya madrasa, kitabu cha mahafali, ripoti ya kikundi, menyu ya mgahawa, chochote chenye picha kinachoishia kwenye karatasi au kwenye PDF ya heshima. Sio lazima uwe fundi.

Kabla hujaanza uwe na hivi

- Picha orijino, yani faili lenyewe lililotoka kwenye kamera au simu iliyopiga. Nitalirudia hili mpaka unichukie.
- Vipimo vya kazi kwa milimita. "Saizi ya kadi ya kawaida" sio kipimo. A5 ni 148 kwa 210, A4 ni 210 kwa 297, A3 ni 297 kwa 420.
- Majibu matatu kutoka kwa atakayeprinti: anataka rangi za RGB au CMYK (nazieleza hatua ya 6), anataka ziada ya kukatia kiasi gani (hatua ya 8), na anapokea faili la aina gani. Mpigie simu kabla ya kuanza, maana ukimpigia ukishamaliza utarudia kazi nzima.
- Programu ya picha. Photoshop kama unayo, kama huna GIMP ni ya bure na inatosha kabisa.
- Programu ya kupangia ukurasa. CorelDRAW ndo imejaa steshenari zetu, wengine InDesign, Scribus ni ya bure, na Canva, Word au LibreOffice zinafanya kazi ukizijulia.
- Flashi isiyo na virusi, au nafasi ya Google Drive.
- Kikokotoo. Cha kwenye simu kinatosha.

Nadharia ni hii tu

Picha ya simu ni vigae vidogo vya rangi vilivyopangwa, vinaitwa pikseli. Ukiwa na vigae vya kutosha sebule ukataka kutandaza ukumbi mzima na vigae vilevile, huna namna ila kila kigae ukivute kiwe kikubwa, na jicho linakiona. Ndo ule ukungu na zile ngazingazi unazoziona usoni mwa bwana harusi. Karatasi ya kushika mkononi inataka vigae 300 kila inchi, hiyo ndo DPI 300 unayoisikia. Inchi ni sentimita 2.54, kwa hiyo kwa sentimita moja ni vigae 118. Shika hiyo namba, 118, ndo utakayoitumia kila siku.

Haya twende.

1. Tafuta orijino, usikubali mkopo

Hapa ndo asilimia kubwa ya kazi zinapoharibikia kwahiyo ntakaa kidogo. WhatsApp ukituma picha kwa njia ya kawaida inaikamua, picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000 mara nyingi inafika kama 1600 kwa 1200, na juu ya hapo inaminywa ubora ili iwe nyepesi. Kwenye kioo cha simu huoni tofauti. Kwenye karatasi utaiona.

Dawa yake ni kutuma kama faili. Kwenye WhatsApp bonyeza alama ya kuambatisha, chagua Document badala ya Gallery, alafu itafute picha humo. Ikienda hivyo inafika vilevile ilivyo, haiguswi. Kile kitufe cha HD kinasaidia, ila bado sio orijino. Au weka Google Drive utume linki, au njoo na simu yenyewe na waya.

Mpigapicha wa harusi nae mwambie mapema: akupe faili kwenye flashi, sio "ntakurushia". Na kama simu iliyopiga ni iPhone, picha zinaweza kuja na mkia wa HEIC, kompyuta nyingi za steshenari hazifungui. Mwenye simu aingie Settings, Camera, Formats, achague Most Compatible, picha zitakazofuata zitakuwa JPG za kawaida. Zilizopigwa tayari utazigeuza tu kuwa JPG, sio kazi.

Skrinshoti sio picha, naomba tuelewane hapo. Simu yenye kioo cha pikseli 1080 kwa upana inakupa skrinshoti ya pikseli 1080 kwa upana, hata kama picha iliyoko ndani yake ilikuwa kubwa kama bahari.

2. Pima kabla ya kuahidi

Angalia picha ina pikseli ngapi. Kwenye simu fungua picha kwenye galari, gusa vidoti vitatu au vuta juu, utaona maelezo. Kwenye kompyuta bonyeza kulia, Properties, alafu Details.

Sasa chukua pikseli ugawe kwa 118, unapata sentimita inazoweza kujaza ikiwa kali. Mfano ile iliyopita WhatsApp, 1600 ÷ 118 ni kama 13.5, na 1200 ÷ 118 ni kama 10. Yani inatosha picha ya saizi ya postikadi, basi. Mwenzake aliyebaki orijino, 4000 kwa 3000, anakupa 34 kwa 25, anajaza A4 na chenji inabaki.

Ukitaka kwenda kinyume, hizi hapa za kukariri kwa DPI 300:

- Picha ya 10 kwa 15 sm: 1181 kwa 1772
- A5: 1748 kwa 2480
- A4: 2480 kwa 3508
- A3: 3508 kwa 4961

Ukipungukiwa kidogo usikate tamaa. DPI 200 bado inapita, wengi hawatagundua. Ikishuka chini ya 150 hata bibi asiyevaa miwani ataona. Hapo una mawili, upunguze saizi ya picha kwenye karatasi au utafute picha nyingine. Na fleksi za kuninginiza ukumbini au barabarani zina hesabu yake, zinatazamwa kwa mbali, DPI 100 ni nyingi na hata 72 inatosha, kwahiyo badala ya 118 gawa kwa 40. Watu wanakuja wanalazimisha fleksi ya mita tatu iwe DPI 300, faili linakuwa zito kompyuta inaganda na hakuna anayefaidika.

Onyo: usiingie kwenye programu ukabadilisha namba 72 kuwa 300 ukadhani umepona. Kama umeacha alama ya Resample imewekwa, programu inatunga vigae vipya kwa kukisia, picha inakuwa nzito ila ukungu uko palepale. Na hizi programu za akili bandia za kukuza picha ziangalie kwa jicho kali. Kwa maua na majengo zinajitahidi. Kwa uso wa mtu, nimeletewa picha ya bi harusi imekuzwa, dada wa watu amepewa meno ambayo sio yake, mama yake akaniuliza "huyu nani?"

3. Kama picha ni ya karatasi, iskani vizuri

Futa kioo cha skana kwa kitambaa laini kikavu kwanza, vumbi moja dogo linakuwa doa la kudumu kwenye paji la uso. Picha ndogo ya zamani, ile ya sentimita 9 kwa 13, ukiiskani kwa DPI 300 itaprintika saizi ileile tu. Ukitaka kuikuza mara mbili skani kwa 600. Sevu TIFF au PNG, faili zisizopoteza ubora ukisevu, JPG ije mwisho kabisa. Maandishi matupu, sahihi au mchoro wa kalamu nyeusi skani kwa 600 kwenda juu, 300 inaacha kingo zenye vimeno.

Ukiskani picha iliyokatwa gazetini utapata mawimbimawimbi, ni zile nukta za wino zinagombana na skana. Kwenye programu ya skana kuna kitu kinaitwa Descreen, kiwashe.

Kuna na hili la kwetu pwani. Unyevu wa hapa Tanga unagandisha picha kwenye kioo cha fremu. Alikuja mama mmoja wa makamo kutoka Chumbageni, ameshika fremu imefungwa kwenye kanga. "Mwanangu, hii ndo picha pekee ya baba yenu iliyobaki, naomba msiibandue." Marehemu amesimama na kanzu nyeupe, mkono kwenye usukani wa baiskeli, na upande wote wa kushoto wa picha umeshikana na kioo. Ungeivuta, uso ungebaki kwenye kioo. Nikajaribu kuiweka fremu kwenye skana yetu, haikusoma vizuri, mana hizi skana nyembamba za bei nafuu zinaona kinachogusa kioo chake tu, kikiinuka milimita mbili tatu ni ukungu. Basi nikaiegemeza ukutani karibu na dirisha, mwanga unatoka pembeni, nikaweka simu kwenye stendi isitikisike, na kwa kuwa kioo kilikuwa kinanionyesha mimi na feni badala ya marehemu, nikaazima baibui jeusi la dada wa mapokezi likashikiliwa nyuma ya simu kama pazia. Kioo kikawa hakina cha kuakisi zaidi ya weusi. Nikapiga kama kumi, ya saba ikawa safi. Fremu ikarudi kwenye kanga yake haijafunguliwa hata msumari.

Kwahiyo picha iliyoganda usiibandue, ipige na kioo chake.

4. Safisha, ila usimgeuze mtu

Tengeneza kopi kwanza, orijino usiiguse. Alafu fanya kwa mpangilio huu: nyoosha kama imelala, kata pembeni, rekebisha mwanga, ondoa madoa.

Kwenye mwanga ndo penye kazi. Kioo cha kompyuta kinawaka, karatasi haiwaki, kwa hiyo karibu kila picha inatoka nyeusi zaidi kuliko ulivyoiona. Punguza mwangaza wa kioo chako kwanza, wengi wanafanya kazi kioo kimewashwa mpaka mwisho. Alafu inua sehemu za kati kidogo kwa kutumia Curves au Levels, sio ile ya Brightness inayopandisha kila kitu pamoja. Kwa picha za usiku za ukumbini, nyuso za watu weusi zinazama kwenye giza na shela inabaki imeungua kwa mwanga, inua vivuli peke yake mpaka uone mstari wa shavu na kope, shela iache.

Ngozi usiipaushe. Wateja wanaomba, najua, "nifanye mweupe kidogo". Mimi ninamwambia dada yangu, hii picha itakaa ukutani miaka ishirini.

5. Weka saizi ya mwisho

Photoshop ni Image Size, toa alama ya Resample, andika 300, angalia sentimita zilizotokea. GIMP ni Image, Print Size. Kama picha ni kubwa mno kuliko kazi yako, hapo ndo unawasha Resample uipunguze, kupunguza hakuna madhara. Ukishaifikisha saizi ya mwisho inolee kidogo kwa Unsharp Mask. Kunoa kunakuja mwisho, ukinoa kabla ya kupunguza umefanya kazi ya bure, na ukizidisha nywele zinakuwa kama waya wa senyenge.

6. Rangi

Kioo kinatengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na bluu, ndo RGB. Mashine ya kiwandani inatumia wino nne, sayani (bluu ya anga), majenta (waridi kali), njano na nyeusi, ndo CMYK. Kuna rangi za kioo ambazo wino haziwezi kabisa: ile kijani ya kuwaka, chungwa kali, na bluu ya kung'aa.

Kama unaprinti kwa printa ya ofisini au ya picha, acha RGB, printa inajigeuzia yenyewe. Kama unapeleka kiwandani, uliza. Wakisema CMYK waombe na jina la profaili wanayotumia, yani faili linaloeleza rangi za mashine yao, geuza wewe mwenyewe uone rangi zinavyobadilika ukiwa bado unaweza kurekebisha.

Hili nimelilipia. Nilitengeneza kalenda 300 za mteja, ukurasa wa juu ni picha ya bahari Raskazone asubuhi, bluu tupu inavutia. Nikapeleka RGB kama ilivyo kiwandani Dar, sikuuliza. Maboksi yakashushwa stendi ya Kange, nikafungua moja palepale, bahari imekuwa juisi ya zambarau. Kiwanda hakikukosea, mashine yao ilifanya inavyofanya. Bluu kwenye wino ni sayani na majenta, majenta ikikaribia sayani unapata zambarau. Siku hizi naacha tofauti ya asilimia 30 hivi kati yao, mfano sayani 100, majenta 65, na bahari inabaki bahari. Zile 300 nililipa mfukoni kwangu, nyingine mpaka leo nafungia vitu dukani.

Na nyeusi ya maandishi madogo iwe wino mweusi peke yake, asilimia 100, zile tatu ziwe sifuri. Ikichanganywa zote nne, karatasi ikisogea kidogo tu kwenye mashine, herufi zinapata kivuli chekundu au cha bluu pembeni.

7. Sevu kwa fomati inayofaa

Picha za kamera ziende TIFF, au JPG yenye ubora wa juu kabisa. Kumbuka JPG kila ukiifungua ukaibadilisha ukaisevu tena inapoteza kitu, kama fotokopi ya fotokopi, kwahiyo faili la kazi libaki PSD (la Photoshop) au XCF (la GIMP) na JPG itoke mara moja tu mwishoni. PNG ni kwa kitu kilichokatwa bila nyuma.

Logo iombe kwa wenyewe ikiwa vekta, yani iliyochorwa kwa mistari sio vigae, faili la PDF, SVG, AI au CDR, hiyo hata ukiikuza iwe saizi ya nyumba haichoki. Ile logo ya JPG yenye kiboksi cheupe nyuma yake juu ya kadi ya maruni ndo inayotuaibisha mafundi wote.

8. Panga ukurasa

Kama rangi au picha inafika ukingoni mwa karatasi, ivushe milimita 3 nje kila upande. Hiyo ndo ziada ya kukatia, mafundi wanaiita blidi. Kisu cha kukatia hakikati palepale kila mara, bila ziada unapata mstari mweupe pembeni. Kwa hiyo A5 yako unaitengeneza 154 kwa 216, A4 unaitengeneza 216 kwa 303. Na maandishi na nyuso za watu ziingie ndani angalau milimita 5 kutoka pa kukatia, nimeshaona kadi imekata jina la baba mzazi, ugomvi wake sitaki kuukumbuka.

Maandishi yaandike kwenye programu ya kupangia, sio ndani ya picha. Mtu anatengeneza tangazo zima Canva, analitoa JPG, anaiweka hiyo JPG kwenye Word, anatoa PDF. Herufi zote zimeshakuwa vigae.

Ukitumia Word, kabla hujaweka picha hata moja nenda File, Options, Advanced, shuka mpaka Image Size and Quality, weka tiki kwenye Do not compress images in file. Usipofanya hivyo Word inaweza kukukamulia picha kimyakimya unaposevu, na ikishakamua hairudi. Picha ziingize kwa Insert, Pictures, usikopi na kupesti kutoka kwenye dirisha la WhatsApp.

9. Toa PDF

- Word: Save As, PDF, hakikisha ni Standard na sio Minimum size.
- LibreOffice: Export as PDF, kwenye picha chagua Lossless au JPEG ya 90 kwenda juu, na kupunguza rezolusheni uzime au uweke 300.
- Canva: PDF Print, tia tiki Crop marks and bleed. CMYK ya humo ni ya wanaolipia.
- Scribus, InDesign, CorelDRAW: kiwanda kikisema PDF/X-1a au PDF/X-4, ni aina za PDF za kuchapia, wape hiyohiyo, ipo kwenye orodha. X-1a ni ya wino tu, haipokei RGB, X-4 inaruhusu na vitu vinavyopitisha mwanga kama vivuli.

Toa mafaili mawili. La kuprinti liwe zito lilivyo, na lingine la kurusha kwenye magrupu lipunguze mpaka DPI 150 au chini. Makosa ya kila siku ni watu kupeleka kiwandani lile la magrupu. Yape majina yanayoeleweka, kadi_A5_kuprinti_3 na kadi_A5_kutuma_3. Sio "final mpya kabisa hii ndo yenyewe".

10. Ikague kabla ya kulipa

Fungua PDF, vuta mpaka asilimia 300, tembea uso kwa uso. Kwa kioo cha kompyuta cha kawaida hapo unaona karibu sawa na kitakachotoka, ikiwa nyuso bado zinasomeka umefaulu. Alafu bonyeza Ctrl na D kwenye Adobe Reader, ingia Fonts, kila fonti iwe imeandikwa Embedded mbele yake. Isipoandikwa hivyo kompyuta ya kiwandani inaweza kuweka fonti yake na Karibuni yako ya mwandiko wa mkono ikatoka kama barua ya mahakama. Wa Linux mna raha zenu, amri ya pdfimages -list inakutajia kila picha ina DPI ngapi kama ilivyokaa kwenye ukurasa.

Soma na majina na tarehe. Wewe sio, mpe mtu mwingine asome, wewe umeshazoea makosa yako.

11. Printi moja kwanza

Moja tu, kwenye karatasi ileile ya kazi. Picha iliyotoka vizuri kwenye karatasi ya kung'aa itanywewa na karatasi ya kawaida ikawa nzito na nyeusi. Kwenye dirisha la kuprinti chagua Actual size, ukiacha Fit inapunguzwa na vipimo vyako vyote vinapotea. Itazame nje, mwanga wa jua, taa za ofisini zinadanganya.

Ikigoma

*Ina ukungu japo orijino ni kubwa.* Ukungu ulishaingia kwenye programu ya kupangia au kwenye PDF. Rudi hatua ya 8 na 9. Kama orijino yenyewe ukiikuza ina ukungu, mkono ulitikisika wakati wa kupiga, hapo hamna dawa, ipunguze saizi.

*Imetoka nyeusi.* Kioo chako kilikuwa kinawaka mno, hatua ya 4. Ikiwa karatasi inatoka imelowa wino na upande wa nyuma unaona, jumla ya wino imezidi. Viwanda vingi havitaki zile nne zizidi asilimia 300 zikijumlishwa, na karatasi isiyong'aa inataka pungufu ya hapo.

*Ngozi imekuwa nyekundu.* Majenta imezidi. Ishushe kidogokidogo, asilimia tatu tatu, printi, tazama.

*Mistari ya kupita upande hadi upande.* Sio picha, ni hedi ya printa imeziba. Isafishe kwa menyu yake. Printa ya wino ikikaa wiki bila kazi inakauka.

*Mstari mweupe mwembamba kuzunguka kitu kwenye PDF.* Vuta karibu alafu mbali, kama mstari unabadilika unene au unatoweka ni kioo tu, kwenye karatasi mara nyingi hautoki.

*PDF ina MB 200 na kiwanda kinalalamika.* Kuna picha kubwa umeibana kwenye kijinafasi kidogo. Picha ya pikseli 6000 iliyowekwa kama stempu bado inabeba pikseli zake zote 6000. Ipunguze kwa hatua ya 5 uiingize upya.

*Karatasi zinajikunja na kukwama.* Hii ndo ya kwetu sisi tunaokaa na bahari. Rimu ikifunguliwa ikaachwa wazi usiku mmoja wa masika inanyonya unyevu. Toa unazozihitaji tu, nyingine zirudishe kwenye nailoni yake uifunge na selotepu. Zilizoshaharibika usizipeleke kwenye printa ya leza, zifanye za kujaribia kalamu.

*Umefanya yote na mteja bado anasema haifanani na ya kwenye simu yake.* Mwambie apunguze mwangaza wa simu mpaka nusu, aishike karibu na karatasi, mkiwa mmesimama mlangoni penye mwanga. Wengi hapo ndo wanatoa hela.